Ufuta wa Chamwino: Ghala liwe haki ya mkulima, lisiwe amri

Ikifika Mei, mashamba ya wilaya ya Chamwino yamekauka na kazi imehamia uani. Miganda ya ufuta imesimamishwa wima, imeegemezana, inangoja vifuko vya mbegu vipasuke vyenyewe. Siku ikiwadia, mganda unapinduliwa kichwa chini juu ya turubai, unapigwa kidogo kwa fimbo, na mbegu zinamwagika. Anayechelewa hukuta upepo umemtangulia. Mbegu hizi hazisongwi ugali. Ni ada ya shule, ni bati za nyumba, ni deni la duka lililokuwa likikua tangu Januari. Ndiyo maana swali la nani auziwe, wapi na kwa utaratibu gani, linawafanya watu wabishane mpaka usiku kuanzia Itiso na Haneti hadi Mvumi na Mpwayungu.

Serikali imekuwa na jibu lake. Ufuta, pamoja na mbaazi, dengu, choroko na soya, uuzwe kupitia chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, uingie ghalani kwa stakabadhi, kisha upigwe mnada katika Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lililoanzishwa 2014. Anayenunua uani kwa mkulima ni mtu wa kangomba na anaweza kukamatwa. Msimamizi wa biashara hiyo leo ni COPRA, mamlaka inayodhibiti nafaka na mazao mchanganyiko, yenye makao yake hapa hapa Dodoma.

Wanaounga mkono utaratibu huu wana hoja nzito, na haifai kuwapuuza. Wanakumbuka mnunuzi aliyekuja kwa pikipiki na mizani ya kuning'iniza ambayo Wakala wa Vipimo hajawahi kuikagua. Wanakumbuka lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba mpaka likawa na kimo cha mtoto. Mkulima alitoa mzigo wa gunia na nusu, akalipwa gunia moja. Bei aliitaja mnunuzi, na kijiji cha pili hawakujua wenzao wameuza kwa shilingi ngapi. Mnadani bei inasomwa hadharani, na mwenye kilo hamsini anapata bei ileile ya mwenye tani tano. Kwenye minada ya Mtwara na Lindi tumewaona wakulima wakikataa bei mchana kweupe, wanunuzi wakarudi na bei nyingine. Mkulima wa Chamwino hajawahi kuwa na nguvu hiyo akiwa peke yake uani kwake.

Wanaopinga nao hawatetei lumbesa. Wanazungumzia muda. Mgonjwa hangoji mnada, mkuu wa shule hangoji mnada. Wanazungumzia umbali, kwa kuwa wilaya hii ni pana na ghala haliko kila kijiji, na nauli ya kupeleka kilo arobaini inaweza kula faida yote ya mnada. Wanazungumzia makato: ya chama, ya ghala, ya vifungashio, ya usafirishaji. Mtu anasikia bei iliyotangazwa, anapiga hesabu kichwani, halafu fedha inayoingia benki ni nyingine. Ushuru wa halmashauri, ambao bajeti ya 2017/18 iliushusha kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, kisheria ni wa mnunuzi. Lakini kila mkulima anajua kwamba mnunuzi huutoa kwanza kwenye bei anayotaja.

Nimewasikiliza watu wa pande zote mbili, na naona kinachowatenganisha si ghala. Ni lazima. Na kwa neno lazima, Ugogo, nchi hii ya Wagogo hapa Dodoma, una kumbukumbu ndefu kuliko COPRA na TMX.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita katika nchi hii yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, akiba haikuwepo. Ikaja njaa ambayo wazee wa Kigogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeandika kuihusu kwa kina, anaeleza kwamba huenda watu 30,000 walikufa kati ya wakazi wapatao 150,000. Watu hawakufa kwa ukame peke yake. Ukame walikuwa wanaufahamu na walikuwa na namna ya kuukabili. Walikufa kwa sababu nafaka ya kuuvuka ilikuwa imeshatolewa ghalani kwa amri ya mtu mwingine.

Baada ya uhuru nia ilikuwa njema, tena njema kweli. Wakati wa Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, Mwalimu Nyerere alikuja mwenyewe katika kijiji cha Chamwino akashiriki kazi na wanakijiji, na jina la kijiji hicho likasikika nchi nzima. Lakini ununuzi wa nafaka ulizidi kukusanywa katika mkono mmoja. Mwaka 1973 Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilipewa jukumu la kuwa mnunuzi wa nafaka wa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na kijiji kikawa kinauza moja kwa moja kwa shirika. Bei ilipangwa kutoka juu, na kusafirisha nafaka kutoka mkoa hadi mkoa kulihitaji kibali.

Kwa mkulima wa Dodoma kipindi hicho kina funzo lake la pekee. Baada ya njaa ya katikati ya miaka ya 1970, serikali ilipandisha bei ya mtama, uwele na muhogo ili watu wa nyanda kavu wapande mazao yanayohimili ukame. Wakapanda, wakavuna, wakapeleka. NMC ikanunua mtama mwingi kuliko ulivyoweza kuuzwa, kwa sababu watu wa mijini walitaka sembe. Mzigo ukalala, deni la shirika benki likavimba hadi miaka ya 1980. Mkulima alikuwa ametii kila alichoambiwa, na bado malipo yakachelewa. Taratibu nafaka ikahamia kwa walanguzi. Mwaka 1983 serikali iliwakamata wengi katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, lakini 1984 yenyewe ikalegeza kamba: mtu akaruhusiwa kusafirisha hadi kilo 500 bila kibali, badala ya kilo 30. Mwaka 1987 vizuizi hivyo vya nafaka vikaondolewa kabisa. Si kwamba wakulima walishinda kesi mahakamani. Walikuwa tu wameacha kupeleka.

Sasa turudi kwenye sheria. Sheria ya Stakabadhi za Ghala, Namba 10 ya 2005, ilikuwa na wazo zuri sana. Mkulima anaweka mazao kwenye ghala lenye leseni, yanapimwa uzito na ubora, anapewa hati. Hati hiyo ni mali. Anaweza kuipeleka benki akakopeshwa, akalipa ada, akaacha mazao yangoje bei ipande. Mazao ni yake mpaka siku atakayoamua kuuza. Yaani sheria ilikusudia kumpa mkulima maskini kitu ambacho tajiri anacho siku zote: uwezo wa kungoja.

Kilichofika kijijini ni nusu ya wazo hilo. Mkulima analazimika kupeleka ghalani, lakini mkopo wa stakabadhi hauoni. Anangoja, ila hangoji bei ipande. Anangoja mnada upangwe na fedha zipite benki, kisha chama, kisha zimfikie. Karatasi aliyonayo mkononi haimkopeshi hata kilo ya sukari dukani. Kwa hiyo usiku anaitwa na mtu wa kangomba mwenye fedha taslimu, anauza nusu ya ufuta wake kwa hasara, na asubuhi tunamwita mkosaji. Mimi siwezi kumlaumu. Anayepaswa kujibu ni aliyeleta lazima bila kuleta mkopo.

Yaliyotokea kusini yanatufundisha pande zote mbili. Mfumo wa stakabadhi ulianza kwenye korosho Mtwara msimu wa 2007/08, na kuna miaka uliwapa wakulima bei ambayo hawakuwahi kuiota. Lakini 2018 wanunuzi walitaja bei ndogo, wakulima wakagoma, na Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo huku jeshi likisomba mzigo. Wako waliokaa miezi bila kulipwa. Mnunuzi akiwa mmoja, hata akiwa serikali yenye nia njema, mkulima hana mlango wa pili wa kubisha hodi.

Hapa Chamwino kuna jambo ambalo kusini halina uzito huu. Mtama na uwele. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mara nyingi katikati hukatika wiki kadhaa. Mtama ni chakula kwanza, biashara baadaye. Soko lake limekua, kampuni za bia zinautaka ule mweupe, na mashirika ya chakula cha msaada hununua pia. Hilo ni jema. Lakini siku yoyote mtu akipendekeza utaratibu wa lazima ulioko kwenye ufuta uhamishiwe kwenye mtama na uwele, wabunge wa mkoa huu wasimame wakatae. Kaya ya Kigogo inaamua iuze kiasi gani baada ya kutazama anga la mwaka unaofuata, na uamuzi huo hauwezi kufanywa na ofisi.

Kwa ufuta, nadhani mapatano yanawezekana. Ghala libaki, mnada ubaki, mizani ya serikali ibaki, na lumbesa iendelee kuwa kosa. Ila mkulima aliyeleta mzigo apewe sehemu ya fedha siku ileile, kwa mkopo wa benki juu ya stakabadhi yake kama sheria ya 2005 ilivyotaka. Makato yote yabandikwe ukutani AMCOS kabla ya mavuno, kwa shilingi kwa kilo, ili bibi anayesoma kwa shida aweze kuyahesabu. Siku za malipo zitajwe kwenye kanuni, na anayechelewesha alipe fidia. Na mkulima mwenye kilo chache mbali na ghala aruhusiwe kumwuzia mnunuzi mwenye leseni na mizani iliyokaguliwa, papo hapo, kwa risiti.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo husomwa bungeni Dodoma wakati wa Bunge la bajeti, majuma yaleyale ambayo ufuta unapigwa kwa fimbo juu ya turubai. Kutoka ukumbi wa Bunge hadi Chamwino si safari ya siku. Waheshimiwa wabunge, pandeni gari mwende mkawasikilize wakulima kabla ya kupitisha mafungu, na mkirudi mwambieni waziri alete kanuni ya malipo ya siku ileile.