Je, Wajua? GPS ya Rubani Huamini Kila Inachoandikiwa

Je, wajua kwamba neno "rubani" lilikuwa la baharini kabla halijapaa? Limetoka kwenye Kiarabu, na huko ni nahodha au mwongoza chombo. Waliovuka kutoka Oman hadi Unguja kwa upepo wa kaskazi walitazama nyota. Rubani wa leo, akiondoka Arusha na Cessna yake asubuhi, hutegemea setilaiti, na habari zake huzisoma kwenye kisanduku chenye skrini ndogo kilichopachikwa kwenye dashibodi.

Je, wajua setilaiti za GPS ziko umbali gani? Kama kilomita 20,200 juu ya ardhi, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku.

Wajua kwamba setilaiti tatu hazitoshi kujua mahali ulipo? Zingetosha kama saa iliyomo ndani ya kifaa ingekuwa sahihi kabisa. Kwa kuwa ni saa ya bei nafuu, inahitajika setilaiti ya nne ya kurekebisha muda. Ya tano ni shahidi: ikionekana, kifaa kinaweza kugundua kwamba mojawapo inatoa habari za uongo. Ikipatikana na ya sita, mwongo hutambuliwa na kuwekwa kando.

Na wajua Einstein yumo kwenye hesabu? Saa zilizoko huko juu hukimbia kuliko za duniani kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Kama zisingerekebishwa, siku moja tu ingetosha kuleta kosa la kilomita 10 hivi.

Je, wajua ni msiba ulioharakisha GPS kuahidiwa raia? Tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotoka kwenye njia yake, ikaingia anga ya Umoja wa Kisovyeti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Baada ya hapo Rais Reagan wa Marekani alitangaza kwamba GPS itatolewa bure kwa matumizi ya kiraia. Hata hivyo, kwa miaka mingi raia walipewa ishara iliyoharibiwa makusudi, yenye kosa la hadi mita 100 hivi. Uharibifu huo ulikomeshwa Mei 2000.

Wajua kifaa kinachokutwa kwenye ndege nyingi ndogo? Ni Garmin GNS 430, kilichotoka mwaka 1998, kikaunganisha redio ya mawasiliano, redio ya kuongozea ndege na ramani ya GPS katika sanduku moja. Jina Garmin lenyewe ni la waanzilishi wawili, Gary Burrell na Min Kao.

Kitufe chake maarufu kina herufi D iliyochomwa na mshale, maana yake "nenda moja kwa moja". Ukikibonyeza, unazungusha vitufe viwili vya duara vilivyopandana upande wa kulia: kikubwa cha nje kinakuhamisha kutoka nafasi ya herufi moja hadi nyingine, kidogo cha ndani kinabadilisha herufi yenyewe. H, T, A, R: huo ni uwanja wa Arusha. H ni ya viwanja vya ukanda wetu, T ni Tanzania. Wilson ya Nairobi ni HKNW, Entebbe HUEN. Kisha unabonyeza kitufe cha ENT mara mbili, na mstari wa rangi ya waridi iliyokoza unachorwa hadi unakokwenda.

Mstari huo haukwepi mlima. Arusha hadi Seronera, ndani ya Serengeti, ni maili 120 hivi za baharini, na mstari ulionyooka unapita juu ya nyanda za Ngorongoro, karibu na kilele cha Loolmalasin kinachozidi mita 3,600. Kifaa kimejibu swali lililoulizwa tu. La mlima ni la rubani.

Wajua herufi moja imewahi kuua? Tarehe 20 Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa inakaribia Cali, Colombia. Haikuwa ndege ndogo, lakini kosa lake linaweza kutokea popote. Marubani walitaka kwenda kwenye mnara wa redio wa Rozo, ambao kwenye ramani yao ulikuwa na herufi R. Wakaandika R kwenye kompyuta ya safari, wakachagua jina la kwanza kwenye orodha. R hiyo ilikuwa ya mnara wa Romeo, karibu na Bogotá. Ndege ikageuka kushoto kuelekea milimani gizani. Kati ya watu 163, walipona wanne. Nikiisoma habari hii, kinachoniuma ni kwamba mashine haikuharibika hata kidogo.

Je, wajua kasi inayoonyeshwa na GPS siyo inayobeba mbawa? GPS hupima mwendo juu ya ardhi. Ukitua huku upepo ukikusukuma kutoka nyuma kwa maili 10 kwa saa, skrini inaweza kusoma 75 wakati mbawa zinapata hewa ya 65 tu. Anayepunguza mwendo kwa kufuata skrini anaweza kuiangusha ndege karibu kabisa na ardhi. Urefu kwenda juu nao husomwa kwenye altimita ya shinikizo la hewa, kwa sababu ndege zote zinazopishana hutumia hiyo.

Wajua taarifa za viwanja na njia hutolewa upya kila baada ya siku 28? Kadi ya kumbukumbu ya kifaa yenye taarifa za zamani bado itawaka vizuri na kuonyesha ramani nzuri.

Wajua ishara ya GPS ni dhaifu mno, kiasi kwamba ni rahisi kuiziba? Huko New Jersey, Marekani, dereva mmoja alibeba kifaa cha kuziba GPS ili mwajiri asijue gari la kampuni liko wapi. Akavuruga mitambo ya uwanja wa ndege wa Newark. Mwaka 2013 alitozwa faini ya dola karibu 32,000.

Na hili wanaoruka Afrika Mashariki walishike, maana sisi tunavuka ikweta kama wengine wanavyovuka barabara. Viwanja vingi vya kambi za porini havimo kwenye kadi, hivyo rubani huandika latitudo na longitudo mwenyewe. Seronera iko 2°27′ kusini, 34°49′ mashariki. Ukiacha N mahali pa S, kifaa kitakupeleka jirani na Moroto, Karamoja, kilomita 540 hivi kaskazini ya ulikokusudia, bila kulalamika.

Ndiyo maana mwalimu mzuri wa urubani hukuwekea rula kwenye ramani ya karatasi kabla injini haijawashwa. Arusha hadi Seronera: maili 120, uelekeo karibu digrii 297. Skrini ikisema maili 365 na digrii 343, anza kwa kuangalia ile S.