Mlango wa Mto Sio na Haki ya Mkata Mafunjo

Sisi wa pwani tukisikia mlango wa mto, fikra hwenda Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini na maji matamu yakachanganyika na ya chumvi. Lakini Kenya inao mlango mwingine wa mto ulio mbali na bahari, nao ni pale Mto Sio unapoingia Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Busia. Huko hakuna mikoko. Kuna mafunjo, nayo hufanya kazi ile ile: hunasa tope, huchuja maji, huwasitiri samaki wachanga.

Sio na mwenziwe Malaba ni mito ya mpakani. Sehemu ya chini ya Sio hutenganisha Kenya na Uganda. Malaba nao hupita kando ya mji wenye jina lake, pale malori yatokayo Mombasa yanapopanga foleni, kisha huelekea Ziwa Kyoga. Mito yote miwili hatimaye humwaga maji yake katika Nile. Mafunjo yakifyekwa upande mmoja, tope humfikia jirani wa ng'ambo bila kuuliza pasipoti. Ndiyo sababu kinamasi cha Sio-Siteko, ambacho nchi hizi mbili zinashirikiana, kiliandaliwa mpango wa usimamizi wa kijamii chini ya Mpango wa Bonde la Nile, ulioasisiwa mwaka 1999.

Wataalamu hupendekeza usimamizi unaojirekebisha: kanuni huwekwa, matokeo hutazamwa, kisha kanuni hubadilishwa. Mpishi yeyote aonjaye mchuzi kabla ya kuongeza chumvi anaifahamu njia hii. Ziwa lenyewe limetoa funzo. Gugumaji lilipoziba fuo katika miaka ya 1990, wadudu walao mmea huo waliachiliwa majini. Likapungua sana, na wengi wakadhani shida imekwisha. Baadaye likarudi. Kisha Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya mwaka 1964, na familia nyingi za Budalangi zikahama. Ufuo ukihama hivyo, mpaka wa hifadhi uliochorwa zamani hubaki majini.

Kwetu mkeka ni wa miyaa. Kule ni wa mafunjo, na wengi wanaousuka ni wanawake. Funjo likikatwa bua, shina likaachwa hai topeni, huchipua na kurudia kimo chake katika muda wa mwaka mmoja hivi. Likikatwa tena na tena bila kupumzishwa hudhoofika. Likichomwa na kung'olewa ili pawe shamba, halirudi. Basi msukaji na mwenye shamba hawafanyi jambo moja, ingawa katazo la jumla la kuingia kinamasini huwapiga wote wawili, na aumiaye kwanza ni yule asiye na ardhi nyingine.

Dini yetu inalijua suala hili. Mtume (S.A.W.) aliitenga Naqi', karibu na Madina, iwe himaa, malisho ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka mtumishi wake Hunayy kusimamia himaa, alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri. Sababu aliitaja wazi: tajiri mifugo yake ikifa, anayo mashamba na mitende; maskini ikimfia, atamjia Khalifa na wanawe akilia njaa. Naona hapo kanuni iliyopimwa kwa hali ya watu, wala haikuwa ukuta tu.

Kinamasi cha Sio kinahitaji kipimo hicho: sehemu zipumzishwe kwa zamu, na wasukaji waulizwe kila msimu mafunjo yamerudi kwa urefu gani, kwani wao ndio huyashika mkononi. Na waulizwe kwa wakati ufaao. Mkutano ukiitishwa siku ya soko, msukaji yuko Busia, amekaa nyuma ya mikeka yake akingoja mnunuzi.