Mizizi Inayooza Katika Mashamba Yasiyo na Udongo



Siku hizi wengi wetu tunaotunza waridi hatushiki tena udongo. Katika baadhi ya mashamba ya Uganda yaliyo kando ya Ziwa Victoria, na huko Naivasha nchini Kenya, mimea hupandwa katika mifuko au mifereji iliyojazwa makumbi ya nazi yaliyosagwa, ama mawe mepesi ya volkano, na mbolea yote huletwa na maji kwa mirija ya matone. Sababu moja ya matajiri kuuacha udongo ni magonjwa yake. Zamani waliufukiza kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo kwa mapatano ya Montreal nchi zetu zilitakiwa kuacha kuitumia mashambani ifikapo mwaka 2015. Dawa nyingine za kufukiza nazo si za mchezo: mwaka 2016 huko Uganda wafanyakazi wa shamba moja la maua walipelekwa hospitali baada ya udongo kufukizwa.

Basi udongo umeondoka, lakini ugonjwa wa kuoza mizizi haukuondoka. Umehamia ndani ya maji. Nasi unatuhusu sana, maana mimea inaponyauka wa kwanza kuitwa ofisini ni yule mama aliyepewa mstari ule.

Mwoza mizizi mkubwa ni kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachofanana na ukungu. Wataalamu hukiita Pythium. Mbegu zake zina mikia na huogelea. Kwa hiyo pale ambapo maji yaliyochuruzika chini ya mimea hurudishwa tangini na kutumiwa tena, mmea mmoja mgonjwa unaweza kuambukiza grinihausi nzima, hata kama kila mfanyakazi amefanya kazi yake sawasawa. Hili ndilo jambo ambalo wasimamizi wengi hawapendi kulisema.

Jambo la pili ni joto. Mizizi inapumua kama sisi, na hewa yake huipata ndani ya maji. Soda ya baridi hushika gesi yake, ya moto humwaga yote. Maji nayo ni hivyo hivyo. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 inaweza kubeba kiasi cha miligramu 9 za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba kiasi cha 7 na nusu tu. Mizizi iliyokosa pumzi hudhoofika, na hapo Pythium huingia bila hodi.

Katika shamba moja nililokuwa nikilitembelea kwa kazi ya chama, akina mama watatu walipewa barua za onyo kwa "uzembe wa kumwagilia". Niliomba tung'oe mche mmoja mmoja katika mistari yao, na pia katika mistari ya watu ambao hawakuandikiwa barua. Mizizi mizima huwa myeupe na migumu. Ile yote ilikuwa ya kahawia, ina utelezi na harufu mbaya, na ukiivuta kwa vidole ganda linachomoka unabaki na uzi mwembamba. Mistari yote ilikuwa sawa. Tukaenda kwenye tangi. Lilikuwa jeusi, limesimama juani, na maji ya saa nane mchana yalikuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Mzee wa pampu akaniambia, "Ndugu katibu, pampu ya kuzungusha maji inazimwa usiku, wanasema umeme ni ghali." Barua zilifutwa. Posho ya mavuno waliyokatwa haikurudishwa, na madai hayo bado tunayo.

Dalili ya kwanza kwa macho ni mmea kunyauka mchana huku mfuko umelowa, kisha jioni ukainuka tena. Ukiona hivyo usiongeze maji. Mwite msimamizi, na mwombe aandike siku na saa katika daftari. Maandishi hayo yatakulinda baadaye. Mmea ambao karibu mizizi yote imeoza haufai kutibiwa. Utolewe pamoja na mfuko wake, usiburutwe njiani, na mkasi uoshwe kwa dawa kabla ya kugusa mwingine. Ule ulioanza tu unaweza kupona maji yakipunguzwa, yakipoozwa na kutiwa hewa. Tangi lifunikwe na lipakwe rangi nyeupe au liwekwe kivulini, joto libaki kati ya nyuzi 18 na 22 inapowezekana, na kipimo cha uchachu kati ya 5.5 na 6.5. Umwagiliaji usimame mapema jioni ili makumbi yasilale yamelowa chapachapa. Mwani wa kijani nao usafishwe, kwa kuwa huzaa vijinzi vinavyobeba ugonjwa miguuni. Madawa ya kuua Pythium yapo, ila aina nyingine zimeizoea dawa ya metalaksili, na kupiga dawa wakati maji bado ni ya moto ni kutupa fedha.

Sasa hatari yetu wenyewe. Matangi na mirija husafishwa kwa klorini, ile ya jamii ya jiki ya nyumbani, na maji hupunguzwa ukali kwa asidi. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Asidi isimiminwe kamwe katika tangi lenye mabaki ya klorini. Lisuuzwe kwanza kwa maji mengi. Mtu asiingie tangini peke yake. Glavu, miwani na buti ni juu ya mwajiri: sheria ya Uganda ya usalama kazini ya mwaka 2006 inamtaka atoe vifaa vya kujikinga. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unasema mfanyakazi wa kilimo aelezwe hatari za kazi yake, na aweza kujiondoa penye hatari kubwa inayokaribia bila kuadhibiwa.

Katika shamba lile tuliomba kipimajoto kwa kila tangi, na daftari la vipimo lisomwe na mjumbe wa wafanyakazi kila Jumatatu. Vipimajoto vimeletwa. Daftari bado linafungiwa ofisini kwa fundi mkuu, na limewekwa katika ajenda ya mkutano ujao wa kamati.