Mwamba Usiomezwa na Theluji

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Mwanafunzi mmoja ametuletea swali: kule Antaktika, ambako ni barafu tupu, watu hujenga juu ya nini?

Waafrika Kusini walijifunza jibu kwa taabu. Mwaka 1962 walijenga kituo chao cha kwanza cha utafiti juu ya tambarare ya barafu inayoelea baharini. Theluji ya kule haiyeyuki. Ya mwaka huu hulala juu ya ile ya mwaka jana. Nyumba zikafukiwa kidogo kidogo, mpaka watu wakawa wanaishi chini ya theluji na kupanda ngazi ili watoke nje. Wakajenga cha pili, kikafukiwa. Cha tatu, vivyo hivyo.

Mara ya nne wakatafuta mwamba. Waliupata mbali na bahari, unaitwa Vesleskarvet, jina la Kinorwe. Ni mlima uliozama ndani ya barafu, umebakiza mgongo tu juu, kama kiboko mtoni. Milima ya namna hii huitwa nunataki, neno la wenyeji wa Greenland. Upande mmoja ni genge la kutisha. Juu ni bapa, mawe matupu, kwa sababu upepo hupeperusha theluji kabla haijatulia.

Kituo kilikamilika mwaka 1997. Kimesimama juu ya miguu ya chuma ili upepo upite chini yake na kufagia. Sisi tuliochimba mfereji kuzunguka turubai usiku wa mvua tunaelewa haraka: maji huyazuii, unayapa njia.

Watu kama kumi hubaki pale majira yote ya baridi. Jua halichomozi kwa karibu miezi miwili, na meli kutoka Cape Town haifiki mpaka kiangazi. Daktari ni mmoja. Akiugua yeye, sijui!

Lakini hawako peke yao. Katika nyufa za mawe wanaishi utitiri wadogo mno, na kuvumwani imegandamana na mwamba. Jawabu ni rangi: jiwe jeusi hunyonya joto la jua, theluji iliyoligusa ikayeyuka, na matone hayo yanawatosha.

Swali lako liandike kwenye karatasi, utumbukize katika sanduku mlangoni petu.

(Muziki unapanda.)