Harusi za Kifalme (3): Bibi Salme na siku moja ya Aden

Niliahidi kwamba leo tungeendelea na ng'ombe wa malobolo, yaani mahari, katika Njelu na Mshope, falme mbili za Wangoni, lakini watu wa Busoga, Uganda, wamenivuruga. Jumamosi ya 18 Novemba 2023 mfalme wao, Kyabazinga William Gabula Nadiope wa Nne, alimwoa Jovia Mutesi katika Kanisa Kuu la Kristo, Bugembe, karibu na Jinja, nami nilikuwa saluni hapa Songea mjini nikisukwa. Msusi alikuwa na rasta zangu mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kila gari lilipowasili kanisani aliniachia kichwa apige vigelegele. Nilipouliza bibi harusi ametoka ukoo gani, binti aliyekuwa akisubiri zamu akanijibu, "Mama, wewe angalia shela!" Nikarudi nyumbani na upande mmoja haujasukwa.

Simlaumu. Julai 1981, Diana alipoolewa na Charles pale St Paul's, London, nilipata picha yao kwenye gazeti lililofungiwa sukari, nikaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Mende waliufuata uji, na walianzia usoni. Ikabaki shela. Ugonjwa huo haujaniacha mpaka leo, ila siku hizi ninachotafuta ni ule uso.

Ndiyo maana kila mara narudi kwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, na Jilfidan, ambaye wasomaji wa sehemu mbili zilizopita wanamjua tangu kasri la Mtoni. Kumbukumbu zake, alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, zina mengi kuhusu harusi za jumbani Unguja. Bibi harusi alikaa siku nane katika chumba cha giza, hana hata kipuli, ili akitolewa ang'ae. Nikaha ilifungwa na wanaume. Bibi harusi alisemewa na walii wake. Wanawake wa pwani watatabasamu hapa, maana mengi ya hayo wanayo mpaka leo.

Sasa itazame harusi yake mwenyewe. Aliondoka Unguja usiku, Agosti 1866, ndani ya manowari ya Waingereza iitwayo Highflyer. Watu hupenda kusema alitoroka kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, na mimba pia, na mwanamke wa jumba la sultani mwenye mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Akajifungua Aden, akamngoja mfanyabiashara huyo, Rudolph Heinrich Ruete, amalize biashara zake Unguja. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa akaitwa Emily, akafungishwa ndoa, akapanda meli kwenda Ulaya, yote siku moja. Hakuna chumba cha giza, hakuna somo wa kumfunda, hakuna ndugu hata mmoja. Yule mtoto wa Aden alikufa kabla hawajafika Ujerumani. Mwaka 1870 Ruete akagongwa na tramu mjini Hamburg akafa, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hata baridi yake hakuwa ameizoea.

Na haya yote tunayajua kwa nini? Kwa sababu ya mfupa. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid, binti huyu wa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa karani wa njama. Ningekuwa na uwezo, kila mwari ndani angewekewa kalamu kando ya liwa.

Wanaouliza Salme anahusianaje na Songea, jibu ni hili. Agosti 1885 alirudi Unguja kudai urithi wake, safari hii akiwa na manowari za Ujerumani zilizokuja kumtisha Barghash, sasa sultani, akubali madai yao ya bara. Barghash alikataa kumwona dada yake. Wajerumani walipopata walichotaka, urithi wa Salme ukasahaulika. Miaka kumi na miwili baadaye Wajerumani hao hao walikuwa na boma hapa kwetu, na 27 Februari 1906 wakawanyonga mashujaa 67 wa Majimaji. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wao Frank-Walter Steinmeier alisimama katika Makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha. Siku hiyo nilikuwa nikimfikiria Mkomanile, mtawala wa Kitanda aliyepokea maji ya vita, mwanamke pekee kati ya walionyongwa. Salme tunamjua kwa kuwa aliandika. Mkomanile tunamjua kwa kuwa alinyongwa. Nani anawajua wake wa Nkosi Mputa Gama, mfalme wa Njelu aliyenyongwa pia?

Kuhusu harusi zetu za leo, ambazo ndizo mhariri alizonituma niziandike, nina machache. Kadi za mchango nilizonazo mezani ni nne, na mmoja wa maharusi hao bado anadaiwa kodi ya nyumba. Ukumbi, keki, mshereheshaji, sare za kamati. Kisha ndoa inaanza kwa kukopa unga dukani. Wafalme hulipiwa na ufalme. Sisi hatulipiwi na mtu.

Namalizia na Salme: alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza.

Malobolo tutayarudia katika sehemu ya nne, na ili yaandikike nahitaji msaada. Kama nyumbani kwenu Peramiho, Namtumbo, Mbinga au hapa mjini yupo bibi anayekumbuka majina ya wanawake walioolewa katika nyumba za manduna (machifu wadogo wa Wangoni), msikilize wiki hii, andika jina, la baba yake, na idadi ya ng'ombe waliotolewa, kisha mletee mhariri. Anza na jina la bibi harusi. Ng'ombe watafuata.