Je, Wajua? Dawa ya Jicho Iliyojipima Yenyewe
Tone la dawa huzidi nafasi iliyopo jichoni. Sehemu kubwa humwagika shavuni au hupita puani hadi kooni, ndiyo maana wakati mwingine unasikia uchungu mdomoni. Wagonjwa wa presha ya macho waliotumia dawa ya matone ya pilokapini walijitonesha hata mara 4 kwa siku, na kusahau ni rahisi mno.

Mwaka 1974, kampuni ya Alza ya Marekani ilileta Ocusert, kidonge bapa, laini, cha kuweka chini ya kope. Ndani yake pilokapini ilikaa kati ya tando mbili, ikipenya polepole: mikrogramu 20 au 40 kila saa, usiku na mchana, siku 7. Bila betri! Shida ni kwamba wengine kiliwadondoka usingizini.