Kiendeshi cha Kifaa Kisichokuwapo

Mwanafunzi wa Kisangani asomaye kompyuta kwa Kifaransa hukuta neno pilote. Mwenzake wa Dar es Salaam hufikiria dereva, ambaye katika Kiswahili cha Kongo huitwa shofere. Istilahi kiendeshi, itokanayo na kitenzi kuendesha, inawafaa wote wawili. Ni programu inayoiwezesha kompyuta kukiamuru kifaa fulani, kama vile printa.

Mashaka huanza pale kifaa chenyewe kinapokuwa bado michoro tu. Kungoja chipu itoke kiwandani ni kupoteza miezi mingi. Ndipo hutungwa programu ya kuigiza: kiendeshi kinapoandika thamani katika rejista, mwigo hujibu kama chipu itakavyojibu kwa mujibu wa waraka wake. Ndivyo Linux ilivyotayarishwa kwa prosesa za AMD za biti 64 kabla Opteron haijaingia sokoni Aprili 2003. Mwaka huohuo Mfaransa Fabrice Bellard alitoa QEMU, mwigo usiolipiwa, uwezao kutumika katika kompyuta ya kawaida. Mwigo una fadhila nyingine: huweza kuamriwa uharibike, ili ionekane kiendeshi kitafanyaje.

Lakini mwigo hutii waraka, na waraka huweza kukosea. Tena mwendo wake si mwendo wa chipu, hivyo kasoro za kupishana kwa muda hujificha humo. (Wagenia nao huweza kulikagua dema nchi kavu, ufito kwa ufito, maporomoko ya Boyoma ni jambo jingine.) Chipu ya kwanza ifikapo, majaribio yote hurudiwa juu yake, na mwigo husahihishwa pale unapohitilafiana nayo.